Siku Benchi Lilipompangia Bosi Maisha

Mimi nauza kahawa. Kazi ya kusikiliza sikuiomba, ilikuja na birika. Benchi liko mbele ya jiko langu, kwenye kona pale barabara kubwa inapokutana na kichochoro cha nyumba za kupanga, na wanaolikalia siwachagui. Kuna Antena, fundi redio, ambaye kila habari ya dunia humfikia yeye kwanza na hutoka kwake imeshaongezwa chumvi. Kuna Wakili, ambaye si wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama, akastaafu, akaondoka na maneno ya mahakamani. Kuna Komando, mlinzi wa usiku wa duka la vifaa vya ujenzi, ambaye hupita kwangu asubuhi akisema anakwenda kulala na haendi. Na kuna Shemeji, seremala, mume wa mdogo wangu. Mimi namwita hivyo kwa haki yangu, wengine wote wamedandia. Hiyo ndiyo serikali yangu. Siku hiyo walifika hata maji hayajachemka, wamechana nywele, Wakili kavaa tai, maana kwa mara ya kwanza tangu nianze kuwamiminia kahawa kulikuwa na mtu anayetaka maoni yao.

Mtu mwenyewe alikuwa dada yake Bosi. Na Bosi, kama humjui, ni mwanamume wa miaka arobaini na kitu, ndevu zimeanza kuota mvi, na jina hilo alilipata kwa sababu haombi, anaagiza. Ondoa mguu. Funga kifungo. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Kusoma hasomi, saa haijui, na jambo jipya utamweleza leo, kesho na keshokutwa. Lakini likishaingia limeingia, hata wewe ukilisahau yeye atakukumbusha. Aliishi na mama yake, Mama Dobi, kwenye chumba chenye ua nyuma ya kona yangu: mama anafua, Bosi anapiga pasi. Mwezi uliopita Mama Dobi alitutoka. Dada mtu, ambaye ameolewa mbali, akamchukua kwake. Bosi akarudi kwa miguu. Tulimkuta asubuhi amekaa mlangoni kwake, pasi mapajani, amekunja uso.

Basi zikabaki njia mbili. Ya kwanza, apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia watu wa aina yake, nje ya mji, yenye ukuta na geti. Ya pili, abaki kwake, na dada wa ustawi wa jamii aendelee kumpitia, kama alivyokwisha kuanza, kumzoesha kununua, kupika, kuvuka barabara, kujua agonge mlango gani akizidiwa. Ila dada wa ustawi hakutuficha. Alisema, mimi nakuja na kuondoka, wanaobaki ni nyinyi majirani. Bila nyinyi huduma hii ni maneno matupu. Ndiyo maana dada mtu alikuwa anakuja mchana huo na gari la kukodi, kusikia neno letu. Likiwa neno la maana, Bosi anabaki. Likiwa la hovyo, anaondoka naye saa hiyo hiyo.

Wakili alisimama kabla sijammiminia.

Wakili: Waheshimiwa, tumekutana hapa kusikiliza shauri.

Antena: Shauri gani? Kaa chini, tai imekubana.

Wakili: Nasema lazima tuwe na utaratibu! Tumeaminiwa! Ofisi ya ustawi imeleta suala hili hapa, kwenye benchi hili, haikupeleka kwa wale wa kijiwe cha pikipiki.

Shemeji: Hapo umesema kweli. Wale wangemfundisha kuvuta sigara.

Komando: Mimi nimeshapanga. Ulinzi. Usiku nalinda duka, mchana namlinda Bosi.

Mimi: Na utalala saa ngapi?

Komando: Nitalala hukuhuku nikilinda.

Mimi: Kama unavyofanya dukani.

Walicheka, na Komando akacheka zaidi yao. Hata kutaniwa siku hiyo hakukumuudhi mtu. Sijawahi kuwaona na furaha kiasi kile, na sisemi kwa kuwacheka. Watu wazima wanne waliozoea kubishana kuhusu mambo yasiyowahusu walikuwa wamepata jambo linalowahusu, na kila mmoja alitaka kulibeba peke yake.

Antena: Ulinzi wa mtu umepitwa na wakati, Komando. Sikilizeni. Mimi naweka spika chumbani kwa Bosi. Waya unapita juu ya paa, unaingia kibandani kwangu, humo nina kipaza sauti. Asubuhi nabonyeza: Bosi, amka. Mchana nabonyeza: Bosi, kunywa maji. Jioni nabonyeza: Bosi, zima jiko.

Shemeji: Kama hajaliwasha?

Antena: Atawasha kwanza ndipo azime. Utaratibu ni utaratibu.

Wakili: Napinga! Mtu hazimishwi jiko bila hati.

Shemeji: Jamani, jiko lenyewe la nini? Mtu kama Bosi na moto wapi na wapi? Hilo mimi nimeshalimaliza. Nimekesha nalo.

Akainama, akavuta kitu kilichofungwa gunia kutoka chini ya benchi. Alikifungua taratibu, kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Lilikuwa komeo la mbao ngumu, limepigwa msasa na vanishi hadi linateleza, na pembeni kachonga ua.

Shemeji: Hili linakaa kwenye mlango wa jikoni. Kwa nje. Akishakula, tunafunga. Moto haumwoni, naye hauoni moto.

Antena: Hebu nilishike. Aisee! Mkono wako huu, Shemeji, unapotea bure kwenye vitanda.

Komando: Hilo hata duka letu halina.

Likapita mkono kwa mkono.

Mimi: Shemeji, hilo shati ulilovaa, nani alilipiga pasi?

Shemeji: Si ni Bosi?

Mimi: Kwa pasi ya moto au ya baridi?

Shemeji: Aa, shemeji, usianze.

Mimi: Nauliza tu. Pasi ya kuunguza unampa ashike kutwa nzima akunyooshee kola, lakini sufuria ya chai ndiyo itakayomuua?

Shemeji: Pasi ni kazi. Jiko ni hatari.

Wakili: Hoja ya Shemeji imesimama.

Mimi: Imesimama kwa magongo.

Lakini nani alinisikia? Mazungumzo yalikuwa yameshapanda mlima, na kila mmoja alikuwa anasukuma kutoka nyuma.

Komando: Tumshonee sare. Rangi kali ya machungwa, mgongoni namba zetu zote za simu. Akipotea, yeyote atakayemwona anasoma mgongo na kupiga.

Antena: Na kengele kwenye viatu! Tumsikie kabla hatujamwona.

Wakili: Kengele inahitaji kibali. Mimi nashauri mstari. Tunapaka mstari wa rangi kutoka mlangoni kwake mpaka dukani. Anafuata mstari kwenda, anafuata mstari kurudi. Hakuna kupotea kisheria wala kimwili.

Antena: Mstari mmoja hautoshi! Mwekundu wa dukani, wa bluu wa zahanati, wa kijani wa kwangu kibandani.

Komando: Na akifuata rangi siyo?

Antena: Spika inamwambia.

Shemeji: Spika iko chumbani, Antena.

Antena: Basi tunaweka spika kila nguzo!

Wakili alipiga paja lake kwa nguvu hadi kahawa yake ikaruka.

Wakili: Mnaona? Mnaona tunakoelekea? Huu unakuwa mtaa wa mfano! Wageni watakuja kujifunza! Watashuka na magari, wanaandika, wanapiga picha. Pale mwanzo wa kichochoro tunaweka tao: Karibu Mtaa wa Watu Wanaojaliana. Utepe unakatwa!

Komando: Nani anakata?

Wakili: Mwenyekiti.

Kisha wote wanne kwa pamoja:

Antena: Mwenyekiti ni nani?

Shemeji: Anayetengeneza tao ndiye mwenyekiti.

Komando: Usalama kwanza, mwenyekiti awe mtu wa usalama.

Wakili: Mwenye tai ni nani hapa?

Wakagombana juu ya uenyekiti mpaka nikalazimika kuongeza mkaa. Nilitamani kuwaambia kwamba katika maneno yote yale jina la Bosi lilikuwa limeacha kutajwa. Sikuwaambia, maana wakati huo huo Bosi mwenyewe alitokea kichochoroni, kikapu mkononi, shati lake limenyooka kuliko ya wote, akaja kusimama mbele ya Wakili.

Bosi: Tai imepinda.

Wakili: HABARI ZA LEO, BOSI? UMEAMKA SALAMA?

Bosi: Mimi nasikia. Tai imepinda.

Wakili akaishika tai. Wengine nao wakaanza kumsemesha kwa ile sauti ya kuchekea vichanga, unakwenda wapi mzee, kikapu cha nini jamani, umekula. Bosi aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

Bosi: Kitunguu.

Akaelekea barabarani. Duka la mboga liko ng'ambo. Sasa niwaeleze jinsi Bosi anavyovuka barabara, maana mimi nimemwona kutoka hapa jikoni kwangu. Dada wa ustawi alianza kwa kusimama naye bega kwa bega pale kwenye nguzo ya umeme. Baadaye akawa anasimama nyuma yake. Siku za mwisho alikuwa amekaa kwangu na kikombe, amempa mgongo, jasho linamtoka, ananiuliza kwa kunong'ona: amevuka? Bosi anasimama kwenye nguzo. Anatazama huku. Anatazama kule. Barabara ikiwa na hata mkokoteni anauacha upite. Anangoja inyamaze kabisa, halafu anavuka bila kukimbia. Naweza kuuza vikombe kadhaa kabla hajaondoka kwenye nguzo, lakini akivuka, kavuka.

Siku ile aliifikia nguzo, akasimama. Akatazama huku.

Komando: Anavuka! Jamani, anavuka!

Sijui nani alinyanyuka wa kwanza. Nilichokiona ni benchi limebaki tupu, vikombe vinabingirika. Komando alikuwa katikati ya barabara, mikono ameitanua, filimbi mdomoni, amesimamisha lori la mchanga upande mmoja na pikipiki upande wa pili. Wakili alimshika Bosi kiwiko cha kulia. Shemeji akamshika cha kushoto, na kwa mkono uliobaki alikuwa anampungia dereva wa lori lile komeo lake, dereva akadhani anatishiwa, akapiga honi. Waliokuwa nyuma ya lori nao wakapiga. Antena alikuwa ameruka kibandani, na sauti yake ikatoka kwenye spika ya dirishani mpaka kuta zikatikisika.

Antena: TAHADHARI! TAHADHARI! BOSI ANAVUKA! NARUDIA, BOSI ANAVUKA!

Bosi hakuvuka. Walikuwa wamemfikisha katikati, na pale aliganda. Alivibana viwiko vyake ubavuni wakamwachia, akaziba masikio kwa mikono yote miwili, kikapu kikaanguka. Honi, filimbi, spika, watu wanachungulia madirishani. Moyo wangu ukaniuma, maana kwa muda wote aliovuka peke yake hajawahi kuogopa barabara ile.

Bosi: NYAMAZENI!

Akageuka, akarudi alikotoka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaingia kichochoroni. Mlango wake ukasikika.

Katika msururu ule, nyuma tu ya lori la mchanga, kulikuwa na gari dogo. Akashuka mwanamke, begi kubwa tupu begani. Dada mtu alikuwa ameona yote.

Alikiokota kikapu, akaja nacho mpaka kwenye benchi. Wale wanne walikuwa wamerudi, wamesimama wamejipanga kama watoto waliovunja dirisha. Filimbi bado inaning'inia shingoni kwa Komando.

Dada mtu: Kaka yangu alikuwa anafanya nini barabarani?

Komando: Alikuwa anavuka.

Dada mtu: Na nyinyi?

Komando: Tulikuwa tunamvusha.

Dada mtu: Alianguka?

Shemeji: Hapana.

Dada mtu: Aliomba msaada?

Komando akaificha filimbi ndani ya shati.

Wakili: Kwa maandishi, hapana.

Nilitaka kumpiga na kijiko. Dada mtu hakucheka. Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

Antena: Dada, usitazame hili la leo. Hili lilikuwa jaribio. Tuna mipango! Kuna spika kila nguzo!

Komando: Kuna sare!

Wakili: Kuna mistari ya rangi, dada yangu, na katiba iko njiani, na tao...

Shemeji: Na usalama wa jikoni nimeshaukamilisha. Tazama mwenyewe.

Akampa komeo. Kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Dada mtu akaligeuza, akalipapasa lile ua.

Dada mtu: Linafungwa upande gani?

Shemeji: Kwa nje.

Dada mtu: Kwa nje. Basi shemeji yangu, kama ni kumfungia, kwa nini nisimpeleke kule? Kule geti ni la chuma.

Akaliweka komeo kwenye benchi. Nami nikaona aibu kwa niaba ya ukoo mzima.

Dada mtu: Mnadhani napenda? Simu ikilia usiku nadhani ni habari yake. Nikipika kwangu najiuliza yeye amekula. Mume wangu anasema mpeleke, moyo utulie. Yule wa ustawi anasema hapana, kaulize majirani, majirani wapo. Nimekuja. Nimewaona. Mmekuwa wema sana kwetu, mama alikuwa anawasifu, lakini kaka yangu nimemkuta barabarani ameziba masikio. Nakwenda kumkunjia nguo.

Akaingia kichochoroni na begi lake. Hakuna aliyekaa. Antena alikuwa anakunja na kukunjua kipande cha waya. Wakili alivua tai, akaitia mfukoni, nikajua mambo ni mazito.

Komando: Mama Birika, tufanye nini?

Mimi: Mnaniuliza mimi? Si mna mwenyekiti?

Nilisema hivyo kwa hasira, na hasira yenyewe nusu ilikuwa yangu mwenyewe, maana sikuwa na mpango wowote wa kuzidi ule wa kwao. Tulikaa hivyo, tunasikiliza. Kutoka chumbani kwa Bosi ilitoka sauti yake, na ya dada yake, na yake tena.

Bosi: Hukunji hivyo.

Dada mtu: Kaka, acha, gari linangoja.

Bosi: Hukunji hivyo. Mikono kwanza.

Ikawa kila nguo dada mtu anaiingiza, Bosi anaitoa, anaitandika kitandani, anaikunja upya. Niliona kupitia mlango ulio wazi. Dada mtu mwishowe akaacha, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwachia. Bosi akazikunja zote, akazipanga juu ya meza badala ya ndani ya begi, akatoka nje. Alikuja moja kwa moja mpaka kwetu, dada yake nyuma yake. Akasimama mbele ya benchi. Tukangoja atugombeze, na tulistahili.

Hakutugombeza. Alimgeukia dada yake.

Bosi: Huko kwenye geti. Jioni nakula na nani?

Dada mtu: Kuna watu wengi huko, kaka.

Bosi: Nani?

Dada mtu: Watu. Siwajui bado.

Bosi akatikisa kichwa, akilitia jibu hilo mahali pake. Kisha akatugeukia sisi.

Bosi: Na hapa? Jioni nakula na nani?

Tulikuwa na mtu wa kumlinda, mtu wa kumwamsha kwa spika, mtu wa kumpakia mstari, mtu wa kumfungia mlango. Alikuwa ameuliza kitu kidogo tu, na katika ratiba yote ile tukufu hakikuwamo. Antena alitazama paa. Komando alitazama viatu. Wakili, mtu asiyekosa neno, alifungua mikono yake miwili na kuifunga tena mitupu. Tangu Mama Dobi afe sote tulikuwa tunapita mlangoni kwake jioni, umekula Bosi, nimekula, haya lala salama, na tunakwenda zetu kwa wake na watoto. Hakuna aliyekuwa ameketi.

Bosi alikuwa anangoja. Kungoja anajua.

Nami niwaambie jambo langu. Wanangu wameoa, wameolewa, wako kwao. Jioni mimi nala nimesimama, kwa kijiko cha kupikia, humo humo kwenye sufuria, maana kuchafua sahani kwa ajili ya mtu mmoja naona ni kujitafutia kazi. Hilo mdogo wangu halijui, wala Shemeji. Sikuwa nimelifikiria kama shida mpaka Bosi aliposimama pale na swali lake.

Mimi: Bosi, kwani unapika saa ngapi?

Bosi: Giza likiingia.

Mimi: Unapika nini?

Bosi: Maharage. Ukichelewa, mimi nakula.

Mimi: Sitachelewa.

Bosi: Osha mikono.

Hapo kijiwe kikalipuka.

Komando: Kesho mimi! Kabla sijaenda lindo!

Antena: Kesho ni mimi, Komando, wewe unakoroma mezani!

Shemeji: Nitakuja na mke wangu! Tutaleta ugali!

Wakili: Waheshimiwa, tuweke ratiba! Mimi nimetoa hoja kwanza!

Komando: Hujatoa hoja, umetoa mikono!

Wakasimama wote, wanashikana mabega, wanasukumana, kila mmoja anamwonyesha Bosi kifua chake mwenyewe, na sauti zao ziliwafanya watu warudi tena madirishani. Bosi alinyanyua mkono mmoja. Hakupaza sauti.

Bosi: Mmoja mmoja.

Wakanyamaza kama redio iliyochomolewa.

Bosi: Kelele sitaki. Wewe kesho. Filimbi acha kwako. Wewe, siku nyingine, na mke. Wewe njoo, usilete spika. Wewe...

Akamtazama Wakili kwa muda.

Bosi: Wewe tai iletwe kwanza niipige pasi.

Wakili: Nakubali masharti.

Shemeji alikuwa ameliokota komeo lake kutoka lilipokuwa. Alilitazama, akanitazama mimi, akauliza polepole kama halifai kuwekwa kwa ndani, Bosi mwenyewe awe anajifungia akitaka kulala. Bosi akamwambia mlango una kitasa. Basi. Shemeji akalirudisha kwenye gunia, na huo ukawa mwisho wa habari ile. Nasikia sasa limo kwenye banda la kuku la mteja wake mmoja.

Dada mtu alikuwa amesimama kando, mkono mdomoni. Machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka, vyote pamoja, hajui aanze na kipi. Dereva wa gari la kukodi alipiga honi mara moja, akauliza wanaondoka au vipi. Akamwambia angoje kidogo. Akamsogelea kaka yake, akamshika ule ukosi wa shati ulionyooka.

Dada mtu: Na mimi, kaka? Mimi umenipangia siku gani?

Bosi alimshangaa. Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

Bosi: Wewe wa nyumbani. Wewe unakuja tu.

Dada mtu akakaa kwenye benchi, akalia vizuri sasa, bila kujificha, na wanaume wanne hawakujua pa kuweka macho. Wakili ndiye aliyenong'ona kwamba mgeni apewe kahawa. Nikaliinamisha birika. Halikutoa kitu. Nikawaambia imekwisha, na kwamba wenye kazi waende kazini, maana mimi leo nafunga mapema.